Walioondoka kabla ya hojaji ya mwisho

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ofisi nyingi za Kampala hujaa fulana na mabango. Mshauri nasaha hualikwa, chai na sambusa huandaliwa ukumbini, na mkurugenzi husema maneno matamu kuhusu wafanyakazi wake. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu huanza miezi michache baadaye, pale ripoti inapotoka kwamba programu ya kupunguza msongo wa mawazo imefanikiwa, halafu mahali fulani kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba matokeo yanahusu waliohudhuria vipindi vyote na kujaza hojaji ya mwisho.

Na wale ambao hawakuijaza? Ripoti imewataja kwa idadi tu, ikiwa imewataja. Imewapa mstari mmoja, ikaendelea na safari yake.

Mimi nadhani mstari ule ndio wenye habari. Mtu anayeacha programu ya afya ya akili kazini amesema jambo juu ya programu hiyo, juu ya kazi yake, au juu ya hali yake. Mtafiti anayemfuta kwenye jedwali amefuta jibu. Na kama kuna nchi ambayo watafiti wake hawana kisingizio cha kufanya hivyo, ni Uganda, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu tutabaki kulalamika. Tuseme kampuni ya ulinzi ina askari 400 na inataka kujua kama vipindi vya ushauri nasaha vinasaidia. Namba hizi ni za mfano tu. Askari 200 wanapangiwa vipindi, na 200 wengine wanajaza hojaji pekee ili walinganishwe nao. Mwisho wa miezi sita, katika kundi la vipindi wamebaki 90, na 63 kati yao wana nafuu: asilimia 70. Katika kundi la kulinganisha wamebaki 150, na 75 wana nafuu: asilimia 50. Mkurugenzi anafurahi, sabini imeishinda hamsini. Sasa rudi kwa wale 200 wa mwanzo katika kila kundi. Waliothibitika kupata nafuu kwenye vipindi ni 63 kati ya 200, yaani asilimia 31.5. Upande wa pili ni 75 kati ya 200, asilimia 37.5. Programu iliyoshinda imeshindwa, na hakuna aliyedanganya popote. Kilichobadilika ni nani aliyehesabiwa.

Aliyesoma shule za Uganda anaujua mchezo huu. Kuna shule ambazo mtoto dhaifu huambiwa arudie darasa la sita au atafute shule nyingine kabla ya majina kupelekwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kisha matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, shule inajitangaza gazetini kwamba karibu watoto wake wote wamepata daraja la kwanza. Mzazi mwenye akili huuliza walioingia darasa la kwanza walikuwa wangapi.

Wanatakwimu wana kanuni ya kujilinda na hili: kila mtu ahesabiwe katika kundi alilopangiwa siku ya kwanza, amalize asimalize. Kanuni nzuri, lakini haimalizi kazi. Nikiwahesabu wote waliopotea kuwa hawakupata nafuu, nimebahatisha. Huenda baadhi yao waliacha kwa sababu walishapona na hawakuona haja ya kukaa tena kwenye viti vya plastiki wakizungumzia hasira zao. Hilo lipo, na watoa tiba wanalifahamu: kuna anayeondoka mapema kwa kuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Wengine huchukua jibu la mwisho alilotoa mtu na kulibeba hadi mwisho wa utafiti, kana kwamba maisha yake yalisimama siku ile. Askari aliyesema wiki ya pili kwamba analala vizuri, akafukuzwa kazi wiki ya tano, anaingia kwenye ripoti akiwa bado analala vizuri. Mwaka 2010 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilionya kwamba njia za namna hiyo zisitegemewe bila sababu ya msingi, na likasisitiza kuzuia upotevu kabla haujatokea badala ya kuja kuufunika kwa hesabu.

Mwaka 1976 mtakwimu Donald Rubin alitupa namna ya kuutazama upotevu ambayo hadi leo haijapitwa. Niiweke kwa askari wetu. Wa kwanza hakujaza hojaji kwa kuwa siku ile mvua kubwa ilifunga barabara. Kukosekana kwake hakuhusiani na chochote tunachopima. Wa pili amehamishiwa lindo la Gulu; tunajua kwamba wanaohamishwa ni vijana wasio na familia, kwa hiyo tukiwa na umri na hali ya ndoa ya kila mmoja tunaweza kukisia kwa uangalifu. Wa tatu hakuja kwa sababu hakuweza kuamka kitandani. Huyu ndiye msiba wa utafiti. Kinachomfanya akosekane ni kilekile tulichokuja kukipima, na hakuna fomula, hata iandikwe na nani, inayoweza kumrudisha kwa kutazama majibu ya wenzake walioamka.

Katika utafiti wa hospitali au wa kijijini mtu wa tatu angalau anabaki mahali pake: nyumba yake inajulikana, jirani anajua kama yuko. Kazini mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu anayeacha kazi ameacha na utafiti. Barua pepe ya ofisi inafungwa, jina linatoka kwenye orodha ya mishahara, na mtafiti ambaye njia yake pekee ya kumfikia ilikuwa afisa rasilimali watu anaambiwa, "Huyo hayupo tena." Tangu 1885 William Ogle, mtakwimu wa Uingereza, alishaona kwamba takwimu za vifo kwa kila kazi zinapotoshwa na jinsi watu wanavyoingia na kutoka: kazi ngumu huwafukuza walio dhaifu, kisha zinaonekana kama kazi za watu wenye afya. Kuna watu leo wanaligundua hilo upya kila wanapoandika ripoti.

Hapa sheria yetu yenyewe inachangia, na sijaona wengi wakilisema. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi atimize masharti yake. Sasa weka kalenda ya utafiti juu ya kalenda hiyo. Hojaji ya ufuatiliaji kwa kawaida huja mwezi wa tatu au wa sita. Mfanyakazi ambaye sonona ilimzidi wiki ya tatu ya programu anaweza kuwa ameshaondolewa kazini kihalali kabisa kabla mtafiti hajarudi na karatasi zake. Yaani yule ambaye programu ilikuwa na kila sababu ya kumsaidia ndiye ambaye kalenda imepangwa asiulizwe.

Nimechagua mfano wa askari wa kampuni za ulinzi kwa makusudi. Hao ndio wanaolinda benki, maduka na nyumba za matajiri wa Kololo. Wengi wametoka Teso, West Nile, Acholi na Karamoja, na lindoni lugha inayowaunganisha mara nyingi ni Kiswahili. Wanahamishwa lindo wakati wowote, zamu ya usiku inawakuta hata siku ya kipindi cha ushauri, na mwenye zamu ya usiku akiitwa saa nne asubuhi kuja kuzungumza kuhusu usingizi, anakatiwa usingizi ili afundishwe kulala. Asipokuja wiki ya pili, ripoti itaandika kwamba alikosa hamasa.

Mei 2023, Charles Engola, waziri mdogo aliyekuwa akisimamia masuala ya kazi, aliuawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Siku chache baadaye askari polisi alimuua mkopeshaji fedha hapohapo Kampala. Ghafla kila redio ikawa na mtaalamu akizungumzia akili za watu wenye bunduki. Wengi walitaka askari wapimwe. Ni wachache waliouliza askari atajibu nini akipimwa.

Chukua PHQ-9, hojaji fupi ya maswali tisa inayotumika dunia nzima kupima dalili za sonona. Swali la tisa linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na mawazo kwamba ni afadhali ufe, au ya kujidhuru kwa namna yoyote. Mpe swali hilo mtu anayekula kwa bunduki aliyokabidhiwa. Akijibu ndiyo, bunduki itachukuliwa, pengine kwa haki, na bunduki ikiondoka mshahara wa lindo la silaha unaondoka nayo. Juu ya hapo, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu hiyo imewaingia watu hata kama hawajui kifungu. Mbele ya karatasi ile askari ana njia tatu: aseme kweli, aseme uongo, au asionekane. Atakayesema uongo atahesabiwa kama mafanikio ya programu. Asiyeonekana, kwa mtazamo wangu, ndiye mkweli zaidi kati ya hao wawili.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kuna ofisi ya kuisimamia. Mtafiti makini atamsomea mshiriki ahadi za siri zote. Lakini kama kiungo cha hojaji kimetumwa na ofisi ya rasilimali watu, na chumba cha ushauri kimepakana na chumba cha msimamizi, mfanyakazi amekwisha soma sheria nyingine ukutani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee.

Programu za simu zilitakiwa kuondoa tatizo hili: hakuna chumba, hakuna msimamizi, mtu anajifunza kupumua akiwa kitandani kwake. Mwaka 2005 mtafiti Gunther Eysenbach aliandika kuhusu kile alichokiita kanuni ya upotevu katika tafiti za afya za mtandaoni, akitenganisha watu wa aina mbili: anayeacha kutumia programu lakini bado anajaza hojaji, na anayepotea kabisa. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa wa kwanza tunaweza kumuuliza kwa nini aliacha. Hapa kwetu ongeza na bei. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii; Julai 2021 ikabadili, ikaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Anayenunua bando la siku hatalimalizia kwenye video ya dakika kumi na tano kuhusu kutulia. Na laini ya simu hubadilika: inapotea, inafungwa, inabaki kwa ndugu kijijini. Mtafiti aliyechukua namba moja tu ya mshiriki amejiandalia upotevu siku ileile ya kwanza.

Wenye fedha kutuzidi nao wameangukia shimoni humu. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianzisha mwaka 2016 programu ya ustawi kwa wafanyakazi wake. Walialikwa 12,459, wakajiunga na utafiti 4,834, kisha wakapangwa kwa bahati nasibu, wengine wapewe programu na wengine wasipewe. Watafiti walipolinganisha walioitumia na wasioitumia, programu ilionekana kuleta faida, sawa na tafiti nyingi za nyuma zilivyodai. Walipolinganisha makundi yote mawili kama yalivyopangwa, faida hizo kwa sehemu kubwa ziliyeyuka. Walioshiriki walikuwa watu ambao hata kabla ya programu walikuwa na gharama ndogo za matibabu. Programu ilikuwa imevuta wenye afya, kisha ikajisifu kwa afya yao. Huko Uingereza, William Fleming wa Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 na, katika makala ya 2024, akakuta kwamba walioshiriki programu za mtu mmojammoja hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Uchambuzi wake ulitazama watu kwa wakati mmoja, hivyo hauwezi kusema nani alianza akiwa hoi zaidi. Lakini umewanyamazisha kidogo wauzaji wa programu hizo.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika vijiji 30 vya kusini magharibi mwa Uganda, maeneo ya Masaka na Rakai, kuhusu tiba ya sonona kwa vikundi. Vipindi vilikuwa vya dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na watu wa hapohapo wanaozungumza Kiganda. Waliokubali kuingia utafiti walikuwa 248. Waliohojiwa tena mwishoni walikuwa 224, yaani tisa katika kila kumi. Wiki kumi na sita, kwa watu wenye sonona, katika vijiji vilivyofiwa kupita kiasi na UKIMWI, wengi wao wakulima wenye shamba la kulima asubuhi. Nikisoma ripoti inayosema wafanyakazi wa ofisi yenye lifti na maji ya kunywa "ni vigumu kuwafuatilia", nakumbuka wakulima wale.

Sisemi kijiji ni sawa na kampuni. Tofauti ndiyo inayofundisha. Kijijini aliyekosa kipindi alijulikana na wenzake wa kikundi, na hakukuwa na bosi anayenufaika na majibu mazuri. Kikundi kilikutana mahali ambapo watu tayari walikuwepo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji teknolojia.

Somo la pili ni la Mbarara, na kwangu ndilo kubwa. Kliniki ya UKIMWI ya hospitali ya huko ilikuwa na wagonjwa 3,628 waliokuwa kwenye dawa, na 829 kati yao walikuwa wamepotea. Kwenye vitabu, vifo vilionekana vichache. Elvin Geng na wenzake hawakujaribu kuwatafuta wote 829, wangefilisika. Walichukua sampuli ya 128, wakamtuma mtu wa kuwafuata vijijini mmoja baada ya mwingine. Habari za 111 zikapatikana. Kati yao 32 walikuwa wamekufa. Makadirio ya vifo vya mwaka wa kwanza, yaliyokuwa karibu asilimia 2, yalipanda kupita asilimia 7 walipoingiza walichokikuta. Na waliokuwa hai? Wengi wa waliozungumza nao uso kwa uso walikuwa wakitibiwa kwingine. Sababu zilizotajwa sana zilikuwa nauli, umbali, kazi na malezi ya watoto.

Tazama uzuri wa jambo hilo. Upotevu uleule ulikuwa na habari mbaya kuliko ilivyodhaniwa na habari njema kuliko ilivyodhaniwa, zote mbili, na hakuna aliyeketi mezani ambaye angeweza kuzitenganisha. Ilibidi mtu aende. Na hakwenda kwa wote. Alikwenda kwa wachache waliowawakilisha wenzao, na takwimu zikafanya kazi yake kwa waliobaki.

Tuurudishie utafiti wa kazini mbinu hiyo. Askari 110 wamepotea kutoka kundi la vipindi. Chagua 30 kwa kura. Mtafute kila mmoja kwa siri, asiyetumwa na kampuni ndiye amfuate, anayezungumza Kiswahili, Kiteso au Kilugbara, na amuulize mambo machache: bado una kazi? Uliacha kwa sababu gani? Unalala? Fanya hivyohivyo kwa kundi la kulinganisha. Mambo hayo machache kwa watu 30 yatakwambia mengi zaidi kuhusu programu kuliko kurasa arobaini za majibu ya waliobaki. Huenda ukakuta kumi walipata kazi bora kwa sababu vipindi viliwapa ujasiri wa kuondoka, na hapo kampuni itakuwa imelipia programu iliyofaulu kwa namna isiyoipenda. Huenda ukakuta kumi walifukuzwa.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mshiriki ana haki ya kujitoa bila kueleza sababu. Miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda inamlinda, na inapaswa kumlinda. Kumfuata mtu nyumbani kwake baada ya kusema hapana ni usumbufu, na kwa mtu mgonjwa unaweza kuwa zaidi ya usumbufu. Lakini aliyesema hapana si sawa na aliyetoweka. Tofauti hiyo iwekwe kwenye fomu ya ridhaa siku ya kwanza, kwa maswali mawili yanayojitegemea: ukiacha vipindi, je, tuendelee kukuuliza hali yako? Ukiacha kazi, je, tunaruhusiwa kukutafuta, na kupitia namba ya nani? Atakayekataa lolote kati ya hayo aachwe kwa amani. Nadhani wengi watakubali, hasa kama nauli na muda wao vitalipwa na kama watajua anayepiga simu hana kiti kwenye ofisi ya bosi.

Kinachobaki ni fedha, na hapa ndipo mambo mengi mazuri hufia. Mwajiri akilipia utafiti, analipia vipindi, wakufunzi, ukumbi na ripoti. Kumtafuta aliyeacha kazi kwake ni kulipia habari za mtu asiye wake tena, habari ambazo pengine zitamuumbua. Hatalipa kwa hiari. Kwa hiyo gharama za kuwatafuta ziandikwe kwenye mkataba kabla ya hojaji ya kwanza, zikae mikononi mwa chuo au taasisi ya utafiti, na kamati ya maadili isipitishe pendekezo lisilokuwa nazo. Na kampuni ikiomba kipengele hicho kiondolewe, mtafiti aiulize imewapoteza askari wangapi mwaka uliopita, kabla hajachukua kalamu kusaini.